Rekodi za kamera za bei ndogo, na ipi ununue kwa filamu fupi ya kwanza

Kila kijana anayetaka kutengeneza filamu fupi huanza na swali moja: ninunue kamera gani? Swali hilo ni la haki, maana fedha ni chache na madukani kamera zimejaa. Ila matangazo ya viwanda hayatakujibu. Afadhali kuwatazama waliotumia fedha kidogo kuliko wenzao wakafika mbali, kisha kuuliza hizo fedha kidogo zilikwenda wapi. Hapa nimekusanya rekodi zinazomfaa mtu mwenye mfuko mwembamba. Chache ni za kustaajabisha tu, nazo nimezipitia haraka.

Bajeti ndogo kuliko zote

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, taji hili namvisha Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Filamu yake ya mapigano, *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010, inatajwa kugharimu chini ya dola 200. Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Kompyuta ya kuhariria aliiunganisha mwenyewe kwa vipuri, bunduki za maigizo na kreni ya kamera zikaundwa kwa vyuma chakavu, na waigizaji wakawa majirani zake. Mwaka 2019 filamu yake nyingine, *Crazy World*, ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Wengi wanaosimulia habari zake huliruka jambo moja: nakala ya asili ya *Captain Alex* haipo tena. Aliifuta ili apate nafasi kwenye diski kwa ajili ya kazi iliyofuata, na kilichobaki ni nakala ya DVD yenye picha hafifu. Kwa hiyo unapopiga hesabu ya kamera, weka na bei ya diski ya pili ya kuhifadhia kazi yako. Usiihesabu kama anasa.

Uingereza kuna Marc Price, aliyetoa filamu ya wafu wanaotembea iitwayo *Colin* mwaka 2008 kwa pauni 45. Alitumia kamkoda ya kanda iliyokwisha zeeka, na zile pauni zilikwenda kwenye kanda, mtaimbo, chai na kahawa. Mwaka 2009 filamu hiyo ikafika kwenye soko la filamu la Cannes, Ufaransa. Lakini kazi ilichukua miezi 18. Price alilipa kwa muda badala ya fedha, akawaomba watu wajitolee, na waigizaji wengi walijipamba wenyewe au walipambwa na wapambaji waliojitolea.

Marekani, Jonathan Caouette alitengeneza *Tarnation* mwaka 2003 kwa dola 218. Malighafi yake ilikuwa picha alizozirekodi tangu utotoni juu ya maisha yake na mama yake mgonjwa, na aliihariri kwa iMovie, programu iliyokuja bure ndani ya kompyuta yake. Matamasha ya Sundance na Cannes yote yaliionesha. Hata hivyo, kabla haijaingia kwenye majumba ya sinema, zilitumika takribani dola 400,000 zaidi kusafisha sauti, kutoa nakala za filamu na kulipia haki za muziki na vipande vya kazi za watu wengine. Rekodi ya dola 218 ni ya kweli, na hizo 400,000 nazo ni za kweli. Ukipachika wimbo wa msanii mkubwa kwenye filamu yako bila kibali, hakuna tamasha la maana litakaloipokea. Mtafute mpiga gitaa au mpiga kinanda wa mtaani kwako, mwandikiane karatasi ya makubaliano, naye atakutungia kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

Bajeti ndogo iliyozaa jina kubwa

Filamu inayotajwa kuliko zote katika mazungumzo haya ni *El Mariachi* ya Robert Rodriguez, iliyotoka mwaka 1992 kwa dola kama 7,000. Kitabu cha Guinness kiliiorodhesha kuwa filamu ya bajeti ndogo kuliko zote kuwahi kuingiza dola milioni 1. Sehemu ya fedha Rodriguez aliipata kwa kujitolea kulala kwenye kituo cha majaribio ya dawa. Humo ndani aliandika skripti, na humo humo akampata mtu wa kuigiza adui mkuu.

Kamera yake, Arriflex ya filamu ya milimita 16, ilikuwa ya kuazima. Ilikuwa na kasoro ambayo ingemkatisha tamaa mtu mwingine: ilipiga kelele ilipokuwa inazunguka, hivyo haikuwezekana kurekodi maneno na picha kwa pamoja. Rodriguez alipiga picha kwanza, kisha akaiweka kamera kando, akawaambia waigizaji wayarudie maneno yao karibu na maiki iliyounganishwa na kinasa sauti cha kaseti. Wakati wa kuhariri, pale midomo ilipoanza kuachana na sauti, alikata na kuonesha kitu kingine: uso wa anayesikiliza, au mbwa aliyelala chini. Watazamaji wakasifu kasi ya uhariri wake. Kasi hiyo ilizaliwa na sauti iliyokuwa ikimtoroka. Kwa picha za kutembea, kamera ilipandishwa kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, mtu akasukuma.

Tazama vitu vilivyokuwa vya bure: kamera, kiti cha magurudumu, mji wa Ciudad Acuña wenye barabara na baa zake, na rafiki aliyekubali kuigiza. Fedha nyingi ziliishia kwenye filamu yenyewe na kuisafisha maabara. Leo gharama hiyo imekufa kabisa. Kadi moja ya memori hufutwa na kutumika tena mara nyingi, na anayeanza sasa ana unafuu ambao Rodriguez hakuwa nao.

Kamera duni kuliko zote iliyoingia kwenye sanaa

Mwaka 1987 kampuni ya vitu vya kuchezea watoto, Fisher-Price, ilitoa kamera ya plastiki iitwayo PXL-2000. Ilirekodi picha nyeusi na nyeupe kwenye kaseti ya kawaida ya muziki, na picha zenyewe zilikuwa za ukungu. Watoto hawakuipenda sana na haikudumu sokoni. Wasanii waliipenda. Sadie Benning, akiwa bado kijana wa miaka ya ujanani, aliitumia chumbani kwake kutengeneza video fupi ambazo leo zinatazamwa na kufundishwa kama kazi za sanaa.

Filamu fupi ya kwanza iliyofika mbali kuliko nyingine za kizazi chake

Hapa nitakaa kidogo, maana huyu ndiye mwalimu bora wa mtu anayeanza. Mwaka 1943 Maya Deren, akiwa na mume wake Alexander Hammid, alipiga *Meshes of the Afternoon* ndani na nje ya nyumba yao mjini Los Angeles. Filamu ina dakika 14 na inatajwa kugharimu dola 275 hivi. Kamera ilikuwa Bolex ya mitumba, aliyoinunua kwa sehemu ya urithi alioachiwa na baba yake. Waigizaji wakuu walikuwa wao wawili. Mwaka 1947 filamu hiyo ilimpatia tuzo Cannes, na mwaka 1990 Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa.

Bolex haikuwa na betri. Ilikuwa na springi uliyoijaza kwa mkono, na ikishajaa ilikupa chini ya nusu dakika ya kupiga, kisha ikasimama. Kwa hiyo kila picha ya Deren ilipangwa ikiwa bado kichwani: mguu unakanyaga ngazi, kata, ufunguo unaanguka, kata, kisu kiko mezani, kata. Hakuna picha ya kuzubaa. Filamu haikuwa na sauti hata kidogo. Muziki uliongezwa mwaka 1959. Kwa hiyo Deren hakuwa na mzigo wa maiki, wala mazungumzo, wala mwigizaji anayesahau maneno.

Tuseme ukweli pia: Hammid alikuwa mpiga picha mzoefu kabla hawajaoana. Filamu ile ilijengwa na macho ya mtu aliyeijua kazi. Lakini njia yao iko wazi kwa yeyote. Jitungie kisa kisicho na mazungumzo, ndani ya nyumba unayoijua, chenye watu wawili na vitu vitatu vya kushika mkononi, kisha ujiwekee sheria kwamba hakuna picha itakayozidi sekunde 20. Kwa kisa cha namna hiyo, karibu kila kamera iliyoko sokoni leo inatosha na kubaki.

Simu zilizovunja rekodi

Filamu fupi iliyopata heshima kubwa kuliko zote miongoni mwa zile za mwanzo za simu ni *Night Fishing* ya Park Chan-wook na ndugu yake Park Chan-kyong wa Korea Kusini. Ina dakika 33, ilipigwa kwa iPhone 4, na mwaka 2011 ilitwaa tuzo ya Dubu wa Dhahabu ya filamu fupi kwenye tamasha la Berlin. Ila ndugu hao walikuwa na wafanyakazi wengi na bajeti ya zaidi ya dola 100,000. Simu ilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote pale mahali pa kazi.

*Tangerine* ya Sean Baker, ya mwaka 2015, ilipigwa kwa iPhone 5s tatu kwenye mitaa ya Los Angeles, kwa bajeti ya dola 100,000 hivi. Baker alinunua programu ya bei ndogo ya kuidhibiti kamera ya simu, akafunga lenzi ndogo ya ziada ya kupanua picha na kifaa cha kutuliza mtikisiko. Sauti ilirekodiwa na fundi wa sauti kwa vifaa vya kazi. Anayekwambia *Tangerine* ilitengenezwa kwa simu tu anakuficha nusu ya habari, na ndiyo nusu iliyoifanya isikike vizuri kwenye ukumbi wa sinema.

Mfano mzuri wa matumizi ya fedha kidogo kwenye kazi yenye Oscar ni wa Malik Bendjelloul wa Sweden. Alipokuwa anatengeneza *Searching for Sugar Man* kwa filamu ya Super 8, fedha zilimwishia. Akamalizia baadhi ya picha kwa programu ya simu ya dola moja au mbili, inayoiga sura ya Super 8. Mwaka 2013 filamu ikapata Oscar ya filamu bora ya makala.

Na mpiga kamera aliyefanya makubwa kuliko wote kwa vifaa vidogo, kwa hukumu yangu, ni Anthony Dod Mantle. Mwaka 1998 alipiga *Festen* ya Thomas Vinterberg kwa kamera ndogo ya Sony ya kushika kiganjani, ikapata tuzo ya majaji Cannes. Kisha akapiga *28 Days Later* ya Danny Boyle, iliyotoka mwaka 2002, kwa Canon XL1, kamera ya kanda ambayo hata mpiga video za harusi aliweza kuimiliki. Sababu ilikuwa ya kikazi kabisa: walihitaji kuonesha London isiyo na mtu, polisi walizuia magari kwa dakika chache tu alfajiri, na kamera ndogo ziliweza kusimamishwa nyingi kwa pamoja na kwa haraka. Mwaka 2009 akashinda Oscar kwa *Slumdog Millionaire*. Kisha mwaka 2025 yeye na Boyle wakatoa *28 Years Later*, ambayo kwa sehemu kubwa ilipigwa kwa iPhone 15 Pro Max zilizofungwa lenzi na vifaa vya gharama. Mtu mwenye Oscar nyumbani bado anauliza kamera gani itaingia pale anapotaka kuingia. Hilo ndilo swali la kubeba dukani.

Faida kubwa kuliko zote

*Paranormal Activity* ya Oren Peli ilitengenezwa kwa dola 15,000 na kuingiza zaidi ya milioni 193. Ilipigwa kwa siku 7, nyumbani kwa Peli mwenyewe, kwa kamera ya video ya nyumbani. Sehemu za kutisha zaidi kamera imesimama tu juu ya tripodi kwenye kona ya chumba cha kulala, haigeuki wala haivuti. Hakuna mpiga kamera wa kumlipa.

Siku hizo 7 zilitanguliwa na maandalizi ya karibu mwaka mzima. Peli alipaka rangi kuta, akabadilisha samani, akaitengeneza nyumba mpaka ikawa na sura aliyoitaka. Wengi wetu tunafanya kinyume chake. Tunanunua kamera nzuri, halafu tunampiga mwigizaji akiwa mbele ya ukuta mweupe wenye waya wa taa unaoning'inia na kalenda ya miaka miwili iliyopita. Kopo la rangi na kitambaa cha pazia hubadilisha picha kuliko kamera inayozidi nyingine kwa dola 300.

*The Blair Witch Project* ya mwaka 1999 ilikwenda njia hiyo hiyo: waigizaji walishika wenyewe kamera mbili, moja ya Hi8 na nyingine ya milimita 16, wakarekodi kwa siku 8 msituni Maryland. Iliingiza karibu dola milioni 250. Katika filamu zote mbili picha ya kutikisika au yenye chembechembe ni sehemu ya kisa chenyewe, maana tunaambiwa kwamba wahusika ndio wanaorekodi. Kama kamera yako ni hafifu, tunga kisa kinachoihitaji kamera hafifu.

Filamu ghali kuliko zote kwa kamera ya bei ya kawaida

*The Creator* ya Gareth Edwards, mwaka 2023, ilitumia dola milioni 80, na kamera yake ilikuwa Sony FX3 iliyokuwa ikiuzwa kwa takribani dola 4,000. Waliichagua kwa sababu inaona vizuri kwenye mwanga hafifu, hivyo walizunguka nchi mbalimbali na kikosi kidogo bila malori ya taa. Kwa Mtanzania au Mkenya anayeanza, dola 4,000 si bei ndogo hata kidogo. Ninaitaja kwa ajili ya lile jambo la mwanga, maana hapo ndipo kamera nyingi za bei ya chini hushindwa.

Lenzi iliyomeza mwanga kuliko zote

Stanley Kubrick alitaka kupiga vyumba vya karne ya 18 katika *Barry Lyndon*, iliyotoka mwaka 1975, kwa mwanga wa mishumaa. Akatumia lenzi za Zeiss zenye uwazi wa f/0.7 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi), zilizobuniwa kwa ajili ya shirika la anga la Marekani, NASA. Zilitengenezwa 10 tu, na Kubrick akanunua 3.

Wewe huhitaji hiyo, lakini unahitaji wazo lake. Kamera nyingi za bei nafuu huuzwa na lenzi ya kuvuta ambayo uwazi wake, ukivuta hadi milimita 50 hivi, hushuka mpaka f/5.6. Lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8, toleo la mwaka 2015, ilitoka kwa bei ya dola 125 hivi. Tofauti ya f/5.6 na f/1.8 ni karibu mara 10 ya mwanga unaoingia. Chumba ambacho lenzi ya kwanza inakupa picha yenye chembechembe nyingi, hii ya pili inakupa uso safi na nyuma yake ukungu laini. Katika fedha zote utakazotumia, hizi ndizo zitakazozaa matunda haraka kuliko zote upande wa picha.

Ukinunua lenzi ya mitumba, hasa iliyokaa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, iangalie kwanza. Unyevu wa pwani hukuza kuvu ndani ya vioo. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa mshazari. Ukiona nyuzi nyembamba zimetandaa kama utando wa buibui, irudishe, hata bei iwe ya kutamanisha vipi. Kisha ziba lenzi, rekodi sekunde 30 za giza, uitazame video hiyo kwenye skrini kubwa: nukta nyekundu au nyeupe zisizotembea ni kasoro za sensa.

Picha ndefu bila kukata

*Victoria* ya Sebastian Schipper, mwaka 2015, ni picha moja ya dakika 138 kwenye mitaa ya Berlin, iliyofanikiwa jaribio la tatu. Kamera yako ya bei nafuu huenda haiwezi. Kamera nyingi za picha za miaka iliyopita hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu za ushuru: Ulaya ilihesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi mfululizo kuwa kamera ya video, na kuitoza zaidi. Nyingine za zamani zaidi husimama kwenye dakika 12, faili linapofika gigabaiti 4. Muuzaji akizitaja hizo kuwa kasoro kubwa ili akuuzie ya bei ya juu, usitishike. Hakuna filamu fupi ya kwanza inayohitaji picha ya dakika 12.

Linalohitaji hesabu ni kadi. Video ya 4K yenye megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 itakupa kama saa moja na dakika 20. Nunua kadi mbili za ukubwa huo zenye alama ya kasi ya V30 badala ya moja kubwa, maana kadi ikifa, isife na kazi yote.

Fupi kuliko zote

Filamu fupi kuliko zote kuwahi kuteuliwa kwa Oscar ni *Fresh Guacamole* ya msanii anayejiita PES: dakika 1 na sekunde 40 hivi, ikionesha mtu akikatakata vitu vya nyumbani kana kwamba ni parachichi na vitunguu. Kwa kanuni za Oscar, filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho. Kwa upande wetu, *Watu Wote*, iliyopigwa Kenya na wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani, chini ya Katja Benrath, iliteuliwa mwaka 2018 ikiwa na dakika 22, na wahusika wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Ni kisa cha abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi lao liliposhambuliwa karibu na Mandera mwaka 2015. Kwa kazi ya kwanza, lenga dakika 5 hadi 8. Kila dakika ya ziada ni siku ya kazi, chakula cha watu na nauli.

Kitu kisichokuwa na rekodi

Hakuna anayepewa cheti cha Guinness kwa sauti safi, na ndiyo maana wanaoanza huisahau. Mtazamaji husamehe picha yenye chembechembe. Sauti isiyosikika haisamehe. Maiki iliyomo ndani ya kamera hunasa upepo, bodaboda, feni na vidole vyako mwenyewe kabla haijamnasa mwigizaji aliyesimama mita 3 mbele. Kwa hiyo sharti la kwanza la kamera ni tundu la maiki ya nje. La pili, likipatikana, ni tundu la hedifoni. Kamera yenye 4K lakini haina tundu la maiki, mimi ningeiacha na kuchukua ya zamani yenye tundu.

Ukikosa, kuna njia ya pembeni. Mpe mwigizaji simu ya pili iwe mfukoni mwake, na maiki ya kubana iliyofichwa chini ya kola, irekodi sauti peke yake. Kabla ya kila picha, piga makofi mara moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, tafuta pale viganja vinapokutana kwenye picha na pale sauti inaporuka, uvipange pamoja. Kabla hamjaondoka mahali, wote nyamazeni dakika moja, mrekodi ukimya wa chumba hicho. Utaushukuru utakapoziba mapengo kati ya maneno.

Na kuna kosa la umeme linaloharibu kazi nyingi. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyotoka Marekani mara nyingi imepangwa kwa umeme wa hezi 60, na picha zake chini ya taa zetu hujaa mistari inayotembea. Ingia kwenye menyu, badilisha kutoka mfumo wa NTSC kwenda mfumo wa PAL, weka fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50. Baadhi ya kamera za soko la Marekani hazina fremu 25 kabisa. Kwa hizo baki na fremu 30 lakini shata iwe 1/50 au 1/100. Kamera iliyotoka moja kwa moja Japani, hakikisha menyu yake inakubali lugha unayoisoma kabla hujatoa fedha.

Sasa, ipi?

Kama simu yako inarekodi picha kamili za HD na inakubali kufungwa fokasi na mwanga visijibadilishe, usinunue kamera kwa filamu hii. Pakua programu ya Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure, na simu ikiikubali, ipange fremu na shata mwenyewe. Hariri kwa DaVinci Resolve, ambayo nayo ina toleo la bure. Fedha zako zipeleke kwenye maiki ya kubana, tripodi inayosimama imara, na chakula cha waigizaji.

Kama ni lazima ununue, tafuta ya mitumba. Kwa mfuko mdogo kabisa, Canon 550D au 600D: picha za HD, tundu la maiki, na lenzi zake zimezagaa hata Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Kwa anayeweza kuongeza, Panasonic G7 ya mwaka 2015 ndiyo ninayoipa taji la thamani ya fedha. Ina 4K, tundu la maiki, skrini inayogeuka, na imeshuka bei kwa sababu umri wake umewafanya wenye haraka waikimbie. Anayetaka mpya aitazame Sony ZV-E10, yenye tundu la maiki na la hedifoni pia. Vyovyote utakavyochagua, kamera na lenzi zisile zaidi ya nusu ya fedha zote ulizonazo. Zikizidi hapo, kodi kamera kwa siku mbili utakazozihitaji.

Skripti ya kurasa 5 inapigwa kwa Jumamosi na Jumapili moja. Iandike wiki hii, ipige mwezi huu kwa chochote ulicho nacho mkononi, kisha itume kwenye tamasha la ZIFF la Zanzibar, ambako filamu fupi za Afrika Mashariki zinapokelewa.